Gesti ya Luchelele: ziwa mlangoni, bomba kavu

Nilipomwambia mume wangu kwamba Juni 2025 shule zikifungwa tunakwenda kulala gesti, aliguna. "Gesti? Na watoto?" Kwetu Singida neno lenyewe lina sifa zake. Ikabidi nimweleze kuwa ni nyumba ya mama mmoja mtu mzima, vyumba sita, iko Luchelele nje kidogo ya jiji la Mwanza, ukifungua mlango unaliona ziwa, na chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Chumba 55,000. Hiyo bei ndiyo iliyomlainisha.

Tulishuka stendi ya Nyegezi Alhamisi jioni, tarehe 26, tukachukua bajaji. Ukishapita Malimbe unaanza kuiona ile miamba iliyopandana kama magunia ghalani, na mwanangu mdogo wa miaka sita hakunyamaza njia nzima akiuliza nani aliyeipanga. Mkononi nilikuwa na dumu la lita tano la alizeti. Kazi yangu ni kukamua na kuuza mafuta, na siwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu hata kama namlipa.

Chumba ni kisafi. Neti haina tundu, nilikagua kwa tochi ya simu. Feni ipo lakini hatukuiwasha, maana usiku wa Juni upepo wa ziwani unauma, bebeni masweta.

Sasa bomba. Nimeingia kuoga, maji yakatoka ya kunilowesha, nikajipaka sabuni mwili mzima, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza. Nimesimama pale macho yananiwasha, na hatua kama arobaini kutoka mlangoni lipo ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Kijana wa kazi akabisha hodi: "Shikamoo mama, naweka ndoo hapa mlangoni, tangi limeisha." Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Tangi lenyewe ni la lita 1,000, na vyumba vyote sita vilikuwa vimejaa familia. Huhitaji kuwa mhasibu. Kijana hana kosa, alibeba ndoo bila kununa, lakini mtu aliyelipia chumba chenye bafu asiogee kopo. Nilimweleza mama mwenye nyumba ana kwa ana, akakubali, akasema tangi la pili litafungwa kabla ya Desemba. Ndiyo maana jina la gesti silitaji hapa. Nimempa muda.

Chai yake ndiyo iliyonifanya nimpe huo muda. Saa moja asubuhi anatandika meza chini ya mwembe, anaita "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, wanangu wanaitikia "Marahaba!" kana kwamba wameamkiwa shikamoo, na yeye anacheka mpaka anashika kiuno. Kuna uji wa ulezi, chapati, supu ya sato yenye ndimu, na bakuli la matobolwa na karanga. Kwa wasioyajua, matobolwa ni viazi vitamu vinavyochemshwa, vinakatwa vipande, kisha vinaanikwa hadi vinakauka. Vigumu mwanzoni, ukitafuna taratibu utamu unakuja wenyewe. Mume wangu alikula bakuli zima akisema anaonja tu.

Siku ya pili akakaanga dagaa wabichi kwa mafuta yangu. Nilikaa jikoni kumtazama. Anawaosha maji matatu, anawachuja kwenye ungo, chumvi, ndimu, basi. Kabla ya kumimina wote anatupia dagaa mmoja. Akizama na kukaa chini, anasubiri, akiruka juu na kuchachatika, wote wanaingia. Wakitoka ni wakavu, unawasikia wakigongana kwenye sahani. Miaka yote nauza mafuta na sijawahi kuyaona yakitumika kwa heshima namna hiyo.

Jambo ambalo hakuna anayekwambia unapolipia chumba: angalia mwezi. Sisi tulifika siku za giza, na usiku ukitoka barazani ziwa limejaa taa, utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Ndio wavuvi wa dagaa. Dagaa anafuata mwanga, kwa hiyo zamani walitumia karabai na siku hizi wengi wana balbu za betri au za sola. Mbalamwezi ikiwaka taa zao hazina nguvu, wanapumzika na kushona nyavu. Ukienda mwezi mpevu utalala vizuri lakini hutaona taa, na dagaa wa chai watakuwa wa kukausha. Ukienda gizani kama sisi, saa kumi na moja alfajiri injini za mitumbwi zinakuamsha. Mimi sikujali. Kilichoniudhi ni muziki wa baa ya jirani Jumamosi, hadi saa nane usiku.

Watoto kuogelea, hapana. Ufuko una majani, na kwenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Kijana yule yule wa ndoo aliwaambia wazi, akawafundisha kurusha vijiwe vikaruka juu ya maji. Ilitosha.

Ijumaa baba yao alitaka kuliona daraja la Kigongo–Busisi, lilikuwa na wiki moja tu tangu lifunguliwe. Kilomita 3 juu ya maji. Tulivuka, tukanywa soda Busisi, tukarudi. Yeye aliwahi kukaa saa tatu akisubiri kivuko pale, kwa hiyo alikuwa anavuka huku anahesabu nguzo kama mtu anayedai deni.

Jumapili tunaondoka, mama akanirudishia dumu langu. Si tupu: amelikata mdomo, amelijaza dagaa wakavu, amefunga na kitambaa. Nyegezi konda akalinusa akiwa mbali, akasema, "Mama, huo mzigo unakaa buti."