DuckDNS na WireGuard kwa kamera na kompyuta za nyumbani: uzoefu wangu

Lengo ni kuona kamera na kompyuta za nyumbani ukiwa mbali: DuckDNS inakupa jina la kuifikia nyumba, na WireGuard ni VPN, yaani njia ya siri ya kuingilia. Kabla hujafungua akaunti yoyote, ingia kwenye ruta yako, tafuta ukurasa unaoonyesha hali ya WAN (upande wa intaneti), usome anwani ya IP iliyoandikwa pale. Halafu, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua ifconfig.me kwenye simu na ulinganishe anwani ya IPv4. Zikifanana, DuckDNS itakufaa. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikawa kati ya 100.64 na 100.127, umewekwa nyuma ya CGNAT: wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje, na hakuna jina la DDNS (jina linalofuata anwani yako kila inapobadilika, kama la DuckDNS) litakalokufikisha nyumbani hata ukilipia. Ikianza na 192.168 au 10, mara nyingi kuna ruta mbili zilizofuatana, ile ya faiba na uliyoinunua mwenyewe. Badili ya kwanza iwe daraja tu (bridge mode), kisha upime tena. Watu hupoteza wikiendi nzima wakifungua na kufunga poti (milango ya ruta yenye namba) kwa sababu ya kuruka kipimo hiki cha dakika mbili.

DuckDNS yenyewe ni huduma ya bure. Unaingia kwa akaunti ya Google au GitHub, unachagua jina (unaruhusiwa hadi matano), unapewa tokeni, yaani neno la siri la kubadilishia anwani ya jina hilo. Kazi yake ni kukumbuka anwani ya sasa ya nyumbani kwako, basi. Haifungui mlango wala haiulindi. Ninachokipenda ni kwamba TTL yake (muda ambao wengine hukumbuka anwani kabla ya kuuliza tena) ni sekunde 60, kwa hiyo anwani ikibadilika dunia inajua haraka, na haikutaki uthibitishe jina kila mwezi kama akaunti za bure za No-IP, huduma nyingine ya DDNS.

Mimi huiweka kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya Linux) iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta, si kwenye ruta yenyewe, maana ruta nyingi za faiba zina orodha fupi ya huduma za DDNS na DuckDNS mara nyingi haimo. Mstari mmoja unatosha:

curl -s -o ~/duckdns/duck.log "https://www.duckdns.org/update?domains=JINA&token=TOKENI&ip="

Uweke ndani ya faili duck.sh, uipe chmod 700 ili wengine wasisome tokeni, kisha kwenye crontab (ratiba ya Linux) iendeshwe kila dakika tano:

*/5 * * * * ~/duckdns/duck.sh

Ukiacha ip wazi, wao wenyewe wanasoma anwani uliyotokea. Hiyo ni kwa IPv4 tu. IPv6 lazima uiandike mwenyewe. Maelekezo yao rasmi yana alama ya -k kwenye curl. Iondoe, maana inaiambia curl isikague cheti cha tovuti, na tokeni yako inapita humo. Ndani ya duck.log utakuta OK au KO. KO karibu kila mara ni jina au tokeni iliyokosewa. Jina liandikwe bila .duckdns.org.

Kuna mtego mmoja: script ikikaa kwenye kompyuta inayotoka nje kupitia VPN ya kulipia, DuckDNS itaandika anwani ya ile VPN. Ikikaa kwenye laptop unayotembea nayo, jina lako litaelekea hotelini.

Sasa mlango. Usifungue poti ya DVR (kinasa picha za kamera) kwenye ruta. Fundi wa kamera atakwambia ufungue 8000 au 37777 na kazi imekwisha, na picha zitaonekana kweli. Lakini mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na DVR kwa maelfu kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na hadi leo poti hizo zinabishiwa hodi usiku na mchana. Fungua poti moja tu, UDP 51820, ielekee kwenye Pi, na nyuma yake uweke WireGuard. Asiye na ufunguo sahihi hajibiwi chochote, hata kuambiwa mlango umefungwa.

Pi ipewe anwani isiyobadilika kwenye DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani za ndani), la sivyo umeme ukikatika na kurudi, poti itakuwa inaelekea kwenye televisheni. Na mtandao wa nyumbani usiuache kwenye 192.168.1.0. Ofisi na hoteli nyingi zinatumia namba hizohizo, na simu yako itakuwa inaitafuta kamera humo humo ulipo. Weka kitu kama 192.168.57.0/24. Kwenye programu ya WireGuard ya simu, sehemu ya Peer (inayoelezea Pi):

Endpoint = JINA.duckdns.org:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24, 192.168.57.0/24
PersistentKeepalive = 25

Jaribu kwa data ya simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ruta nyingi haziwezi kukurudisha ndani kupitia anwani yako ya nje, kwa hiyo jaribio la sebuleni litashindwa hata kama kila kitu kiko sawa.

Isipokubali, andika sudo wg show kwenye Pi. Kama mstari wa latest handshake (mara ya mwisho simu na Pi zilipotambuana) haupo, pakiti hazifiki: angalia poti kwenye ruta, uhakikishe umeandika UDP na si TCP, halafu ukague funguo. Kama upo, na Pi unaifikia ila kamera huifikii, tatizo liko ndani. Kamera haijui 10.8.0.0 (mtandao wa WireGuard) iko wapi, hivyo majibu yake yanapotea. Kwenye Pi washa net.ipv4.ip_forward=1 (ruhusa ya kupitisha pakiti), kisha, ili majibu yarudi kupitia Pi:

iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE

Kasoro inayosumbua kuliko zote haitokani na DuckDNS. WireGuard huuliza jina mara moja tu, inapowashwa. Anwani ya nyumbani ikibadilika wakati imeshaunganishwa, itaendelea kutuma kwenye ile ya zamani. Kwenye simu, zima na uwashe. Kwenye Linux kuna script ya reresolve-dns.sh inayokuja na mifano ya wireguard-tools. Iweke kwenye cron ya kila dakika.

Kwa walio nyuma ya CGNAT, omba anwani ya umma kwa kampuni yako kama inauza, au weka Tailscale (huduma ya VPN iliyojengwa juu ya WireGuard) kwenye Pi hiyohiyo. Haihitaji poti wala DDNS:

sudo tailscale up --advertise-routes=192.168.57.0/24

Hapa pia ip_forward iwe imewashwa, kisha uikubali njia hiyo kwenye ukurasa wa usimamizi, na papo hapo uzime muda wa kuisha kwa ufunguo wa Pi. Kawaida ni siku 180, na siku hiyo ikifika ukiwa safarini, hakuna wa kuingia tena kwa niaba yako. Usishtuke anwani za vifaa vyake nazo zikianza na 100. Tailscale inatumia fungu lilelile la namba za CGNAT. Vifaa vikishindwa kuonana moja kwa moja, data hupitia seva zao za kati, na video huwa nzito.

DuckDNS naipa nne kati ya tano. Moja naishikilia kwa sababu tokeni moja inafungua majina yote matano. Ikivuja kutoka kifaa kimoja, yote yamekwenda.

Bando nalo lipigiwe hesabu: kila Mbps 1 ni MB 450 kwa saa. Kamera inayotuma Mbps 4 itakula GB 1.8 kwa saa kwenye simu yako, na kule nyumbani itahitaji upload ya kiasi hicho. Kwenye programu ya kamera chagua sub stream (picha ya ubora mdogo) ya kbps 512, ambayo ni kama MB 230 kwa saa. Uso wa aliyesimama getini unaonekana vizuri tu. Namba ya gari ndiyo haisomeki.