Biblia ya maandishi makubwa niliyomnunulia mama

Nimekaa nayo miezi mitano, kwa hiyo nasema nilichokiona. Ni Union Version, ile tafsiri ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekua nayo, ila herufi zake ni kubwa, jalada ni la ngozi bandia jeusi, na ina zipu. Niliipata Kariakoo kwa shilingi 48,000. Muuzaji alianzia 60,000. Aliponiona nafungua ukurasa mmoja mmoja na kuusogeza mbali na macho, akauliza ni ya nani. Nikamwambia ya mama. Akashusha.

Mama ana miaka 76, tunaishi naye Mbagala. Macho yamefifia, na kwa mwaka mzima alikuwa akisomewa na wajukuu. Usiku alikuwa akiamka na kuniita: "Mwanangu, hivi Mungu kanisamehe kweli?" Nikamjibu ndiyo. Mchungaji akamjibu ndiyo. Haikumwingia.

Wiki ya pili baada ya kuinunua, nilimkuta barazani asubuhi, jua halijawa kali, kidole kinatembea taratibu juu ya mstari. Waefeso 1:7. "Tunao ukombozi wetu, masamaha ya dhambi." Lile "tunao" akalirudia mara tatu. Kisha akanikumbusha cherehani. Zamani aliwahi kuiweka rehani nipate ada ya shule, akawa halali usingizi, mpaka baba alipolipa deni lote na kuirudisha nyumbani kaibeba begani.

"Baba yako alipoikomboa," akasema, "sikurudi tena kwa yule mtu kumuuliza kama bado ananidai. Sasa Yesu kalipa kwa damu yake, mimi naulizauliza nini?"

Tangu siku ile hajaniita usiku kwa swali lile. Akiniita, anataka maji.

Mahubiri ya wokovu nimeyasikia mengi. Lakini sikuwahi kuona neno moja likimtua mtu mzigo namna ile, na naamini lilimfikia kwa sababu alilisoma mwenyewe, kwa macho yake.

Kasoro zipo. Zipu iliharibika mwezi wa pili, fundi viatu akaibadilisha kwa 3,000. Karatasi ni nyembamba, mikono ikiwa na mafuta kurasa zinagandana. Ni nzito pia. Mama huiweka juu ya mto. Maneno ya Yesu yamechapwa kwa wino mwekundu, na mchana yanapendeza sana, ila umeme ukikatika, kwa mwanga wa taa ya chaji yanampotea. Hapo huniomba nimsomee.

Kiswahili cha Biblia hii ni cha zamani. Mwanangu anatumia tafsiri ya Habari Njema, yenye lugha nyepesi, na kwa kijana ningeshauri hiyo. Mama amezoea hii tangu kipaimara, hata ukikosea neno moja anakusahihisha.

Mwezi ujao nanunua nyingine ya shangazi yetu wa Kigamboni, naye ameanza kuuliza maswali yale yale. Nitatafuta yenye jalada gumu, isiyo na zipu.