Shelta ya paka upande wa Dallas: walinipigia simu kabla ya kumchoma sindano paka wangu "mkali" (nyota 4 kati ya 5)

Naandika hii kwa Waswahili wenzangu mnaofuga paka huku Marekani, maana hii huduma ya shelta, yaani kituo kinachopokea wanyama wasio na pa kukaa na kuwatafutia nyumba, wengi hatujui inavyokwenda mpaka yakukute. Jina lao sitaji, ni shelta ndogo tu upande wa Dallas, jengo la zamani, harufu ya dawa ya kusafishia inakupokea mlangoni, lakini watu wake wana roho nzuri sana.

Kisa kiko hivi. Paka wetu Karafuu tulimpeleka pale tulipolazimika kuhamia apatimenti isiyotaka wanyama, tukaomba tulipe zaidi wakakataa katakata, na ndugu wote tuliowauliza ama wana mtoto mchanga ama wana mzio. Paka mtu mzima, mpole, maisha yake ni dirishani. Tukajaza fomu, tukaondoka. Baadaye akachukuliwa na familia nyingine, akamng'ata mama mwenye nyumba mkononi, wakamrudisha, na aliporudi pale akawa si yule tena, anatoa meno, masikio kayalaza, kila mkono unaoingia kwenye kizimba anaukwaruza. Kwenye kadi yake wakaandika "mkali".

Na jamani paka akishaandikwa hivyo shelta nyingi safari yake inakuwa fupi. Nafasi hakuna, wanaotaka paka wanataka kipaka cha kuchezea watoto, mwenye kung'ata anachomwa sindano ya mwisho, ya kumuua. Hawa hawakuanzia huko. Walipima chipu, kile kidude kidogo chini ya ngozi chenye namba ya tarakimu 15 inayosajiliwa kwa jina la mwenye paka, kumbe ile familia haikubadilisha usajili, bado unasoma jina langu, wakanipigia. Dada aliyepiga hakuniambia njoo umchukue, aliniuliza maswali. Nyumbani kwako alishawahi kung'ata mtu? Ukimgusa wapi hapendi? Chakula kikavu anatafuna vizuri? Nikamwambia hajawahi kumng'ata mtu yeyote, hata wajukuu wa jirani wakimvuta mkia anaondoka zake tu, ila siku za mwisho chakula kikavu alikuwa anakidondosha. Daktari wao akamwangalia mdomo, jino la nyuma limeoza mpaka kwenye fizi. Sasa mtu humjui, anakushika kichwa upande unaouma, wewe ungefanyaje?

Sisemi jino ndio sababu yote. Hofu nayo ipo. Na sheria ya hapa Texas paka akimng'ata mtu lazima awekwe chini ya uangalizi saa 240, yaani siku 10, kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama chanjo zake zimekamilika, na mara nyingi anawekwa kizimbani. Sheria siipingi, kichaa cha mbwa kinaua, kwetu Tanga tunakijua. Lakini paka aliyeng'ata kwa hofu ukamfungia kwenye chumba cha kelele za mbwa halafu ukampima tabia humo humo, unapima hofu, paka mwenyewe bado hujamwona. Hapa walinifurahisha tena, walimwekea boksi la kujificha ndani ya kizimba. Kitu cha bure kabisa, boksi! Watafiti wa chuo kikuu cha Utrecht kule Uholanzi walishaonyesha kwamba paka wa shelta wakipewa boksi la kujifichia stresi inashuka haraka kuliko wasiopewa, na bado kuna shelta unaingia unakuta paka yuko wazi kama samaki sokoni.

Bahati nzuri tulikuwa tumeshapata nyumba ya kupanga inayoruhusu paka, nikaenda kumwona. Hakuja kunikumbatia, msidanganyike na video. Alikaa mle mle kwenye boksi. Nikakaa chini nikaongea naye Kiswahili kama nilivyozoea, sikio moja likageuka, kisha la pili, muda ukapita akatoka akanusa vidole. Chuo Kikuu cha Tokyo waliwahi kutoa utafiti mwaka 2013 kwamba paka anaitambua sauti ya mwenyewe hata asipoinuka kumfuata, na mimi nililiona kwa macho yangu. Wafanyakazi walikuwa wanamuogopa kwa haki kabisa, ila walikuwa hawamjui, na asiyekujua hakuthamini.

Sasa rafiki yangu mmoja ni nesi, tumebishana sana juu ya hili. Yeye anasema shelta kumpa mtu paka aliyeshang'ata ni kumtupia mzigo, na anajua anachosema, meno ya paka ni membamba yanaingia ndani sana yanaacha bakteria huko, kidonda kwa nje kinaonekana kidogo lakini mkono unavimba watu wanalazwa. Ukiumwa mkononi nenda hospitali, usingoje. Namkubalia yote hayo na bado nasema mwenye paka wa kwanza apigiwe simu, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kusema ukali huu ni wa paka au ni wa mahali alipo. Kama nyumbani alikuwa mpole, arudi, na mwenyewe aambiwe kila kitu kwa maandishi, kang'ata nani, lini, kwa nini. Lakini kama ile fomu ya mwanzo inasema tumemleta kwa sababu anamshambulia mtoto, basi kumpigia mama wa mtoto huyo na kumlilia kwamba paka atakufa usipomchukua ni uonevu, kwa mama na kwa mtoto. Na kama kuna dalili paka alikuwa anapigwa kule alikotoka, simu isipigwe kabisa. Paka wa namna hiyo watafutiwe zizi la farasi au ghala, kuna shelta zina mpango wa paka wa kazi, anakamata panya, analishwa, ana chanjo, hakuna anayemlazimisha kupakatwa.

Nyota ya tano imepotea kwenye makaratasi. Ripoti ya kung'ata nilipewa baada ya kuiomba mwenyewe, nao ndio walitakiwa kuiweka juu ya meza kabla sijasaini chochote. Ada ya kumchukua walinitoza kamili kama mgeni, sikupenda, ingawa matibabu ya jino walibeba wao. Na fomu yao ya kumkabidhi paka haina mahali pa kuandika "akirudishwa nipigieni". Mimi ilikuwa bahati ya chipu tu.

Kwa hiyo mkienda, hiyo sentensi iandikeni wenyewe pembeni ya fomu, na muulize mabadiliko ya chipu yanafanywa na nani. Mkipigiwa simu mkaamua kumrudisha, ombeni vitu vitatu: karatasi ya chanjo, ripoti ya kung'ata, na majibu ya daktari. Mkifika naye nyumbani mpeni chumba kimoja chenye maji, mchanga na pa kujificha, mlango fungeni, watoto wasiingie mpaka atoke mwenyewe. Karafuu wetu alilala chini ya kitanda muda mrefu, usiku anatoka kula. Jino wameling'oa, anatafuna vizuri, na hajamgusa mtu. Kwa daktari wa wanyama bado tunampeleka akiwa ameshapewa dawa ya kumtuliza kabla ya kutoka nyumbani, na kwenye faili lake nimewaambia waandike wazi kwamba aliwahi kung'ata.