Kufungiwa muziki wa gari: milango safi, sabufa inazima, na jibu la dharau juu

"Bosi, umekuja kufungiwa muziki au kutufundisha kazi?" Hilo ndilo jibu la msimamizi wa duka moja la muziki wa magari pale Gerezani, Kariakoo, na kosa langu ni kuomba mita ya umeme nipime sabufa niliyoilipia mwenyewe. Tangu hapo kila besi ikipiga naiona sura yake.

Shida yenyewe hii. Amplifaya ni ya chaneli nne: mbili za mbele zinasukuma spika za milango, mbili za nyuma zimebrijiwa, yaani zimeunganishwa zifanye kazi kama moja yenye nguvu zaidi, kwenda kwenye sabufa. Sauti ikiwa chini, hakuna tatizo. Pandisha kidogo, besi ipige mara tatu nne, taa nyekundu inawaka na kila kitu kinazima. Wakasema betri ya gari langu, Toyota IST, ni ndogo, ninunue kapasita, kile kifaa cha kuweka akiba ya umeme wa haraka kwa ajili ya besi. Sasa, mita ukiishika kwenye skrubu za umeme za amplifaya, injini ikiwaka na muziki unapiga, inasoma volti 13.5 na haiyumbi. Betri ndogo gani hiyo?

Kosa liko ndani ya boksi la sabufa. Sabufa ina koili mbili, kila moja omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikipungua, mkondo unaongezeka). Wamezifunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, zikawa omu 2. Chaneli moja ya amplifaya hii inaimudu omu 2, sawa, lakini ukishabriji kila chaneli inaona nusu tu ya ukinzani, yaani omu 1. Mkondo unazidi, transista zinachemka, amplifaya inajizima ili isiungue. Chomoa waya za sabufa uzipime: omu 1.7. Koili huwa zinasoma chini kidogo ya kilichoandikwa, kwa hiyo hiyo ndiyo omu 2 yenyewe. Ubishi umekwisha hapo, ila mtu lazima akubali kutoa mita.

Tiba ni kipande kimoja cha waya: hasi ya koili ya kwanza iende kwenye chanya ya koili ya pili, ncha mbili zinazobaki ziende kwenye amplifaya; huo ndio mfululizo. Unapata omu 8. Nguvu inashuka, karibu nusu ya ile ambayo ungepata kwa omu 4, lakini haizimi. Anayetaka vioo vitetemeke achukue amplifaya ya mono, yaani ya chaneli moja, inayokubali omu 2, au sabufa ya koili mbili za omu 2 azifunge kwa mfululizo zitoe 4. Na asome wati za RMS, yaani nguvu halisi ya kudumu. Zile 2000 zilizochapwa kwa rangi ya dhahabu kwenye katoni ni mapambo.

Nisiwanyime haki yao. Kijana aliyefunga milango ni fundi haswa. Spika kazikalisha kwenye ringi za MDF, zile mbao za kubanwa, waya kaupitisha ndani ya mpira wa mlango badala ya kuuacha ubanwe na bawaba, kisha kila spika kaigusisha betri ya volti 1.5: koni ikisogea nje, chanya ni chanya, ikizama, umegeuza. Spika moja tu ikigeuzwa, besi ya milangoni inapotea na lawama zinakwenda kwa spika. Halafu kakata besi chini ya hezi 80 ili koni zisihangaike na kazi ya sabufa. Kwa hilo nilikuwa natoa nyota tatu, hata nne.

Kisha nikafungua boneti. Waya wa umeme umetoka kwenye betri ukapenya bati linalotenga injini na ndani ya gari, bila mpira na bila fyuzi. Fyuzi wameiweka kwenye buti, ubavuni mwa amplifaya! Kazi ya fyuzi hiyo ni kulinda waya, kwa hiyo inakaa karibu na betri, isizidi nusu mita. Bati likishakula ganda la waya, betri nzima inamwagika kwenye bodi na hakuna cha kuizuia. Gari linaungua fyuzi ikiwa nzima kabisa huko nyuma. Nikaukwangua waya kwa kisu: nje mwekundu, ndani mweupe. Aluminiamu iliyopakwa kopa, kwa bei ya kopa. Ethi, yaani waya wa hasi unaoshikwa kwenye bodi ya gari, nayo imefungwa juu ya rangi, hawakukwangua hata kidogo.

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa milango. Wenzake bado wananipigia simu, eti kapasita zimeshuka bei.