Kipimo cha shingo mjini: mashine nzuri, majibu ndiyo tabu

Nilitoka Wete kwa boti kwa ajili ya kinundu shingoni, nikaenda kituo kimoja cha ultrasaundi si mbali na Darajani, Unguja mjini. Kipimo chenyewe sina la kulalama. Kijana aliniomba nifungue mtandio, akanipaka jeli ya baridi hata nikashtuka, "Mama, usimeze mate kidogo," na robo saa haikufika tushamaliza. Pazia linafungika, shuka ilibadilishwa mbele ya macho yangu.

Tabu ni majibu. Niliambiwa njoo baada ya alasiri; nikayapata siku ya tatu! Simu hawapigi. Nililala kwa shoga yangu Kikwajuni, usiku kucha najipapasa shingo.

Daktari aliyenisomea ndiye aliyekiokoa kituo hiki. Alinichorea tezi ya shingoni, kama kipepeo vile, akanambia vinundu vingi si saratani. Changu milimita 18, daraja la 3 katika TI-RADS, mpango wa kupima kinundu cha tezi kina hatari gani ya saratani, waliotoa madaktari wa picha wa Marekani mwaka 2017. Cha namna hiyo huangaliwa tu, sindano ya kuchota chembe za kupimwa hufikiriwa kikifika milimita 25. Nirudi baada ya mwaka. Tena picha haisemi tezi inafanya kazi vipi; hiyo ni damu, kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi. Basi mbona mapokezi hawakusema nikatoa damu siku ile ile?

Nyota tatu. Unayetoka Pemba, usikate tiketi ya kurudi kabla hujaishika karatasi mkononi.