Gata mpya za nyumba ya mama Kiamunyi, na jagi la maji alilokataliwa

Mama yangu aliomba jambo moja tu: jagi la maji limwagwe ndani ya gata mpya, yaani mfereji wa bati unaokinga maji ya paa, kabla fundi hajamaliziwa malipo yake, ili aone kwa macho yake maji yanaelekea wapi. Fundi, akiwa bado juu ya ngazi, alimjibu mbele yangu na mbele ya vijana wake wawili, "Shosho, wewe rudi jikoni utupikie chai, maji yanajua njia." Mama hakusema neno. Aliliweka jagi dirishani, akafuta mikono kwa leso, akaingia ndani. Mimi nilikuwa na simu mkononi tayari kutuma salio la pesa, na badala ya kuirudisha mfukoni hadi maji yamwagwe, nikatuma. Nimewahi kulipia kazi mbovu mara nyingi, lakini hakuna malipo yanayoniuma kama yale, kwa sababu nililipa huku mama akiwa amedharauliwa nyumbani kwake mwenyewe, na mtu wa rika la mjukuu wake.

Nyumba yenyewe marehemu baba aliijenga zamani, wakati Nakuru ilikuwa bado manispaa na Kiamunyi ikiwa mashamba ya mahindi kuliko nyumba. Gata za kwanza zilidumu zaidi ya miaka ishirini. Zilianza kutoboka upande wa chini, pale ambapo majani ya mjakaranda yalikuwa yakikusanyika na kuoza kila mwaka, na mwishowe ukiziangalia kutoka chini ulikuwa unaona mbingu kupitia matundu. Hatukuwa na la kujadili. Zilihitaji kung'olewa zote.

Msomaji wa mahali pengine huenda akashangaa kwa nini nakasirika hivi kwa sababu ya gata. Kwa wengi wetu wa Nakuru maji ya mvua ndiyo maji yetu ya kunywa. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, mengi yakipita kwa mbali kile kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka, na kuyachemsha hakuiondoi. Ndiyo maana watu wengi waliolelewa hapa wana meno ya rangi ya kahawia, mimi mmoja wao. Mama aliapa kwamba wajukuu wake hawatakuwa na meno kama yangu, na kwa hiyo tangi la lita 5,000 lililo pembeni mwa nyumba si la kufulia nguo wala kunyweshea ng'ombe. Ni la watoto. Upande wa mbele wa paa letu una karibu mita mraba 50, na mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake ni lita 1,000 hivi, zinazopaswa kuteremka zote hadi tangini. Gata ikikosea, maji hayo yote yanapotea jioni moja, na kesho yake mama anamwita kijana wa mkokoteni kununua mitungi.

Bei ndiyo iliyonipeleka kwa fundi huyu, na hapa nawaomba wenzangu wasome polepole. Mafundi wawili wa kwanza waliniambia shilingi 600 kwa futi, kila kitu kikiwa ndani. Huyu alisema 450. Nyumba ina futi 42 mbele na futi 42 nyuma, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa shilingi 37,800 dhidi ya 50,400 za wale wengine, na nani angekataa kuokoa zaidi ya elfu kumi na mbili? Kumbe futi ya fundi huyu ilikuwa ni bati tupu. Vishikio vilikuwa na bei yake, vizibo vya mwisho bei yake, viwiko bei yake, mabomba ya kuteremshia maji bei yake, hata silikoni na riveti, na kipande cha ubao wa fasia, ule wa ukingo wa paa unaobeba gata, kilichokuwa kimeoza ambacho hakuna awezaye kukitambua kabla gata ya zamani haijatolewa. Vitu hivyo vyote vilifika shilingi 14,600. Akaongeza 2,500 za usafiri. Nilimaliza kwa kulipa 54,900, yaani zaidi ya wale niliowaacha kwa kuwaona ghali, na wale walikuwa wameniambia ukweli tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo pesa ningezisamehe. Vifaa vimepanda bei kila mahali, na ubao uliooza ulikuwa umeoza kweli. Niliushika ukamomonyoka kama mkate mkavu. Siku ile kazi ilipokwisha nilitazama gata zikimeremeta chini ya paa na nikakiri moyoni kwamba nyumba imependeza. Kama mvua isingenyesha, pengine ningekuwa nimemsifu mtu huyu kwa majirani.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha jioni moja, baada ya Pasaka lakini kabla shule hazijafunguliwa. Mama alinipigia simu na kusema maneno mawili: "Njoo uone." Nilipofika nilikuta maji yakianguka mlangoni pa jikoni kama pazia, kwa upana wa hatua nne au tano, na mtu hakuweza kutoka wala kuingia bila kulowa. Nikakimbilia upande wa pili, kwenye tangi. Bomba lilikuwa kimya. Nikapanda juu ya tofali nikaangalia kichujio kilicho kwenye mdomo wa tangi: kilikuwa kikavu, kina vumbi lake lile lile la kiangazi, na utando wa buibui uliokuwa umefungwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ulikuwa mzima, haujaguswa hata na tone. Mvua ilikuwa imenyesha zaidi ya nusu saa.

Udongo wa Kiamunyi ni wa volkano, mwepesi kama majivu, na maji yakiupata mahali pamoja huuchimba haraka kuliko jembe. Watu wa Nakuru wanajua vizuri nyufa zinazofunguka ardhini mvua zikizidi, na mama anaziogopa kuliko wezi. Kulipopambazuka kulikuwa na shimo kwenye kona ya jikoni, limefuata ukuta hadi kwenye msingi, nami nikaingiza mkono hadi kiwikoni bila kufika mwisho. Tulilijaza kwa mawe na kokoto siku hiyo hiyo. Sikumwambia mama urefu wake.

Nilimpigia fundi. Nilitarajia aseme pole, hata pole ya uongo. Alinisikiliza, akatulia kidogo, kisha akasema kwamba gata iko sawa, ila nyumba ndiyo imeinama, na kwamba akitakiwa kuja kuinua upande mmoja atahitaji shilingi 9,000 nyingine. Nyumba imeinama! Nyumba ambayo baba alisimama juu ya kila tofali lake, nyumba iliyobeba gata za kwanza kwa zaidi ya miaka ishirini zikipeleka maji tangini bila kosa, leo iwe imeinama kwa sababu mtu mmoja hakutaka kumwaga jagi la maji. Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo mama asingependa kulisikia.

Nikaazima pimamaji na uzi kwa jirani, nikapanda mwenyewe. Gata inayovuna maji inatakiwa kuteremka nusu sentimita hivi kwa kila mita, au hata sentimita nzima; kwa urefu wetu, upande wa tangi ulipaswa kuwa chini ya upande wa jikoni kwa sentimita 6 au zaidi. Nilikuta upande wa jikoni ndio uliokuwa chini, kwa sentimita 4. Halafu nikaona jambo baya kuliko hilo. Vipande vya gata vina futi nane nane, na mahali viwili vinapokutana, kile cha juu hulala ndani ya cha chini ili maji yapite juu ya kiungo bila kukiingia. Viungo vyetu vyote vitano vya mbele vililazwa kuelekea jikoni. Kwa maneno mengine, kazi nzima ilipangwa kana kwamba tangi liko mlangoni pa jikoni, ingawa tundu la bomba walilitoboa wenyewe upande wa tangi. Nakumbuka walianza kupachika upande wa jikoni asubuhi ile kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli.

Vishikio navyo vilikuwa vimeachana kwa futi nne, wakati futi mbili au mbili na nusu ndiyo kadiri inayofaa. Gata ya inchi sita kwa tano ikijaa maji hubeba karibu kilo 19 kwa kila mita. Maji yalipokosa pa kwenda yalijaa upande wa kizibo, na vishikio viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjuka. Kingo za vipande zilikatwa kwa grainda badala ya makasi ya mabati, na moto wa grainda huichoma ile ngozi ya zinki inayokinga bati, hivyo kutu ilikuwa tayari imeanza kujitokeza kama mstari wa chai, kabla hata ya miezi miwili kuisha.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza hapa kwa kusema kazi yote ni takataka. Siwezi, kwa sababu haitakuwa haki. Gata ya nyuma ya nyumba ni nzuri. Imeteremka inavyotakiwa, viungo vimelala sawasawa, silikoni imepakwa ndani kwa mstari mmoja safi, na tangu siku ile haijamwaga tone nje ya bomba lake. Ile ya nyuma hakuifanya fundi mkuu. Aliifanya mwanagenzi wake, kijana mpole aliyekuwa akipanga vifaa vyake kwenye gunia kabla ya kuanza, na ambaye fundi alipomwambia mama arudi jikoni, yeye alitazama chini.

Jumapili moja kijana huyo alibisha lango peke yake. Alisema alisikia mkubwa wake akibishana nami kwenye simu, na kwamba hakupata amani. Hakutaja pesa. Alifunga uzi kutoka kona hadi kona, akang'oa vishikio vya mbele kimoja baada ya kingine, akavipachika upya akiufuata ule uzi, akaongeza vingine vinane ambavyo nilivikimbilia dukani nikiwa nimevaa nguo za kanisani. Ilimchukua mchana kutwa. Alipomaliza alishuka, akasimama mlangoni pa jikoni, akasema, "Shosho, tafadhali, lile jagi."

Mama alilileta lile lile. Kijana alimpandisha ngazi hatua mbili, akamshikilia, na mama akamwaga mwenyewe upande wa jikoni. Maji yaliondoka polepole, yakakwama kidogo kwenye kiungo cha tatu, yakavuka, na baada ya muda tukasikia yakidondoka ndani ya tangi. Mama alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba. Alimpa kijana shilingi 2,500, chai, na viazi vya kwenda navyo nyumbani, na aliposita kuzipokea pesa alizitia mwenyewe mfukoni mwa shati lake.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mumwite fundi yule, jibu ni hapana, hata akiwaambia shilingi 200 kwa futi. Mkiniuliza kama wale wafanyao kazi chini yake wanajua kazi, nitasema yupo mmoja anayeijua kumzidi, na natamani kumtaja kwa jina ili mumtafute, ila nikimtaja atafukuzwa. Halafu nikiandika hivyo hasira inanirudia upya, kwa sababu kijana aliinua gata lakini hakuweza kugeuza viungo. Sasa maji yanaelekea tangini na viungo vinaelekea jikoni, kwa hiyo kila mvua inapenyeza. Kuvigeuza ni kung'oa riveti zote za mbele, kusafisha silikoni ya zamani na kuanza upya katika siku za jua, na gharama yake itakuwa juu yetu. Zile 9,000 hatukuzilipa na hatutazilipa. Kiungo cha tatu ndicho kinachovuja zaidi, na mama ameweka karai chini yake.