Uzoefu wangu na mkopo wa simu: nililipa wote, wakaniharibia mali kauli (mali ninayopewa kwa neno langu, nilipe baadaye)

Niliumaliza mkopo wa programu hii ya simu kabla ya tarehe yake, ujumbe wa kuthibitisha muamala ninao hadi leo, na bado kijana wa kukusanya madeni alinipigia simu wateja wakiwa wamejaa dukani, akaniita tapeli.

Nilikopa msimu wa kufungua shule, wakati ambapo sisi washonaji wa sare hapa Morogoro tunahitaji vitambaa vya haraka au tuwaachie wenzetu wateja. Niliomba shilingi 200,000, ada ikakatwa juu kwa juu, nikapokea pungufu ya 150,000, na nikatakiwa kurudisha 200,000 kamili ndani ya wiki mbili. Ni ghali mno, lakini fedha ziliingia upesi, na sijui benki ambayo ingenisikiliza siku ile kwa dhamana ya vyerehani viwili. Kwa wepesi huo peke yake nilikusudia kutoa nyota tatu.

Sasa nieleze ile simu. Kijana hakusalimu. Aliuliza kwa nini ninalala usingizi na hela za watu. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeshalipa, subiri nikusomee namba ya muamala." Akajibu kwamba yeye hasomewi namba na wadaiwa, kwamba mfumo wake unaonyesha deni, na kwamba kama sina aibu watanitafutia. Akakata. Jioni ile ujumbe wenye jina langu, unaosema kwamba mimi ni mdaiwa sugu ninayekimbia deni, ulikuwa umewafikia ndugu, wateja, mwalimu wa mwanangu, na mzee mmoja wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwa sababu programu hii haifunguki mpaka iruhusiwe kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu.

Mzee huyo ndiye kiini cha hasira yangu. Kwa miaka mingi amenipa majora ya vitambaa kwa mali kauli: nachukua, nashona, nauza, kisha namlipa ninaporudi kuchukua mengine, bila riba, bila karatasi, kwa neno langu tu. Mkopo huo ni mkubwa kuliko wowote ambao simu imewahi kunipa. Nilipokwenda tena alinikaribisha kwa upole uleule, akaniambia, "Mwanangu, safari hii njoo na pesa mkononi." Nilimwonyesha ujumbe wa malipo, akautazama kwa heshima, lakini hakubadilisha neno lake, na simlaumu, kwa sababu mali kauli hutolewa kwa mtu asiye na doa, nami nilikwisha kupakwa.

Mimi si adui wa fedha za simu. Utafiti wa FinScope unaonyesha kwamba Watanzania watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walifika asilimia 76 mwaka 2023, kutoka 65 mwaka 2017, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na simu. Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti wao wa mwaka 2016 kuhusu M-Pesa nchini Kenya, walikadiria kwamba kaya 194,000 zilitoka katika umaskini mkubwa, na wanawake wapatao 185,000 walihama kilimo cha kujikimu wakaingia katika biashara. Ninaamini hayo, maana mimi mwenyewe nimeokolewa na fedha zilizotumwa na dada yangu usiku wa ugonjwa. Ila utafiti ule ulihusu kutuma, kupokea na kuhifadhi fedha karibu na wakala. Haukuhusu programu inayochukua majina ya watu wako na kuyafanya fimbo. Watafiti wakija kwangu wataniuliza kama nimekopa na nimekopa wapi, nami nitaingia katika hesabu ya waliofikiwa. Ninawaomba waulize pia ni mkopo gani nilioupoteza kwa sababu ya huu.

Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Nilishukuru, lakini hatua hiyo haikumfikia mzee wa Mtaa wa Kongo. Huduma kwa wateja walinijibu, baada ya kuwasumbua sana, kwamba "mfumo ulichelewa kusoma malipo" na kwamba akaunti yangu sasa ni safi na ninaweza kukopa zaidi.

Kukopa zaidi! Zile nyota tatu nimezifuta zote. Ninachodai si fidia ya fedha, bali wamwandikie kila mtu waliyemtumia ujumbe ule, kwa jina la kampuni yao, kwamba nililipa deni lote kabla ya tarehe, na waanze na yule mzee.